Pini za Namba Ngapi? Kujaza Stepla Isikwame Wala Isikuume

Wiki ya mwisho kabla ya mitihani, duka la steshenari pale Chake Chake huwa kama gati ya Mkoani siku ya meli. Huyu anataka kopi ya cheti cha kuzaliwa, yule anachapiwa barua ya kumpelekea sheha, watoto wa skuli wamejazana mlangoni wanataka kalamu. Miaka ile nilikuwa nyuma ya kaunta. Katikati ya msukumano akaingia Maalim mmoja, jasho linamtiririka.

“Nipe pini za stepla, mwanangu.”

“Za namba ngapi, Maalim?”

“Za kubania karatasi. Kwani zipo na za kulia wali?”

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikampa kiboksi cha kwanza ambacho mkono ulikifikia. Haikupita saa, Maalim huyo karudi, kidole gumba kakizungushia leso, stepla kaishika kwa mkono wa pili kama mtu aliyemkamata panya. Imekwama, haifungi wala haifunguki, na karatasi za mtihani za darasa zima zimetandazwa chini afisini zinasubiri. “Pini zako mbovu hizi,” akaniambia.

Pini hazikuwa mbovu. Stepla yake ilikuwa ya 24/6, na mimi nilimpa No. 10, ambazo ni nyembamba kwa upana. Ziliingia mferejini, ile njia ya ndani zinamokaa pini, bila ya kupingwa, zikalala upande, na alipobonyeza zikajikunja ndani kwa ndani. Akazidi kubonyeza. Kilichofuata kilikuwa kidole.

Tangu siku hiyo sikuuza tena pini bila ya kuuliza namba, na kila stepla iliyoletwa kwangu imekwama niliifungua nikaichunguza. Nilichokiona ni kwamba mashine yenyewe mara chache ndiyo yenye makosa. Stepla nyingi hukwamia dukani, siku ya kununua pini, ingawa mwenyewe huja kuligundua hilo mezani.

Namba mbili zisizosema kitu kimoja

Pini ina mgongo na ina miguu miwili. Mgongo ndio unaouona juu ya karatasi, miguu ndiyo inayotoboa na kukunjwa chini. Zikiwa mpya huja zimegandishwa kwa gundi, nyingi pamoja. Mimi kile kipande kizima hukiita mche, kama mche wa sabuni, na ndivyo nitakavyokiita humu.

Juu ya kiboksi pameandikwa 24/6, au 26/6, au 23/13. Wengi hudhani namba kubwa ni pini kubwa. Sivyo, na hapa ndipo kila mtu anapopotea, kwa sababu namba ya kwanza na ya pili zina mizani tofauti.

Namba ya kwanza ni geji ya waya. Aliyewahi kuezeka nyumba hahitaji somo hapa: bati la geji 30 ni jepesi kuliko la geji 28, na fundi akikwambia “hili geji 32” unajua kwamba nazi ikianguka juu yake umeumia. Pini ni vivyo hivyo. Namba ikipanda, waya unakonda. Waya wa 24 una unene wa karibu nusu milimita. Wa 26 umekonda zaidi, kama milimita 0.4. Wa 23 ndio mnene kati ya hizi tatu, na ndio unaotumika kwenye stepla zile kubwa za mkono mrefu zinazobana vitabu.

Namba ya pili ni urefu wa mguu kwa milimita. Kwa hiyo 24/6 ni waya wa geji 24 wenye mguu wa milimita 6, na 23/13 ni waya wa geji 23 wenye mguu wa milimita 13. Basi, hakuna siri zaidi ya hiyo.

Ila No. 10 haimo katika hesabu hii, na ndiyo iliyonichongea kwa Maalim. Hiyo 10 si geji wala si urefu. Ni namba ya aina tu. Mgongo wake ni kama milimita 8 na nusu, wakati mgongo wa 24/6 na 26/6 unakaribia milimita 13. Mguu wake haufiki milimita 6, uko kwenye 5 hivi. Pini hizi asili yake ni Japani, kwenye stepla ndogo za mkononi ambazo kampuni ya Max ilianza kuziuza miaka ya mwanzo ya 1950, na leo zimejaa katika kila mkoba wa mwanafunzi. Wajapani wenyewe stepla huziita hochikisu, kwa jina la Hotchkiss, kampuni ya Marekani iliyowapelekea mashine za mwanzo. Ni kama sisi tunavyoita kila dawa ya meno “kolgeti”.

Sasa ona mtego ulivyo. Pini za 24 na za 26 zina upana unaokaribiana sana, kwa hiyo mfereji mmoja unazipokea zote. Stepla nyingi za mezani zimetengenezwa hivyo makusudi, na ukiigeuza chini utakuta pameandikwa 24/6 na 26/6 pamoja. Hiyo mpe yoyote. Lakini ile iliyoandikwa 24/6 peke yake, ukiipa za 26, huweza kukuletea ugomvi. Ndani ya kichwa cha stepla mna bapa jembamba la chuma linaloshuka kila unapobonyeza, kazi yake kumega pini moja ya mbele kutoka katika mche na kuisukuma chini. Unene wa bapa hilo umepimwa kwa unene wa pini moja. Pini ikiwa nyembamba kuliko bapa, bapa litashuka na pini moja na kipande cha pili yake, na hicho kipande ndicho kinachoziba mdomo.

Stepla isiyo na namba popote, au namba imefutika kwa kutumika, nenda nayo dukani. Kama hutaki kuibeba, chukua pini moja iliyowahi kufanya kazi humo, hata iliyokwishakunjwa, muuzaji ataulinganisha mgongo wake na wa zile za kwenye boksi. Kumwambia “zile za kawaida” hakumsaidii, kwani kawaida ya afisi moja siyo ya afisi nyengine.

Hesabu ya milimita tatu

Swali linalofuata huwa: pini hii inabana karatasi ngapi? Maboksi mengine yanasema, mengine hayasemi, na mengine yanajisifu. Mimi natumia hesabu ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya kichwani.

Karatasi ya kawaida ya A4, ile ya gramu 80, ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Huamini, chukua rimu ya karatasi 500 ambayo haijafunguliwa, iwekee rula ubavuni: utapata sentimita 5 hivi. Kwa hiyo karatasi 10 ni milimita moja, 20 ni mbili, 100 ni milimita 10.

Mguu wa pini unatakiwa upite unene wote huo, kisha ubakie na kama milimita 3 za kukunjwa. Jaribu uone: karatasi 100 ni milimita 10, ongeza 3, unapata 13, na kweli 23/13 ndiyo pini inayouzwa kwa kazi ya karatasi 100. Karatasi 50 ni milimita 5, ongeza 3, unapata 23/8. Karatasi 20 ni 2, ongeza 3, unapata 5, mguu wa No. 10 huo.

Kwa hesabu hiyo 24/6 ingefika karatasi 30. Inafika, lakini kwa stepla nzuri, mkono uliotulia na karatasi zilizopangwa vizuri. Tatizo lake si urefu tena. Waya wa nusu milimita ukisukumwa kwa nguvu katika karatasi nyingi huchoka kabla haujatoka upande wa pili, mguu unajikunja katikati ya safari, na pini inabaki imesimama nusu ndani nusu mdomoni. Kwa hiyo mimi huishia 20, nikishikwa sana 25. Tena usisahau kuhesabu jalada. Karatasi ngumu ya rangi ambayo skuli huipenda kwa jalada la mbele, moja tu hula nafasi ya karatasi mbili au tatu za kawaida.

Na kinyume chake kina madhara pia. Yupo mtu anayesema, mguu mrefu ndiyo usalama, natia 23/13 hata kwa karatasi 20. Hesabu: unene ni milimita 2, kila mguu unabakiwa na 11, miwili pamoja 22, na mgongo wote ni 13. Miguu itapandana chini, mmoja utajigeuza na kurudi juu kupitia karatasi, ncha ikatokeza upande wa mbele palepale msomaji anapoweka dole gumba kufungua ukurasa. Nimezishika ripoti za aina hiyo. Ukizishika mara moja, ya pili unaichukua kwa ncha za vidole kama ukaango wa moto.

Kujaza, kila moja na mlango wake

Stepla ya mezani ya kawaida hufunguliwa kwa juu: unashika kitako kwa mkono mmoja, unainua kichwa kwa mwengine mpaka mfereji ubaki wazi. Kisukumio, kile kinachozisukuma pini mbele, kinarudi nyuma chenyewe na springi yake. Mche unawekwa miguu ikielekea chini, mgongo juu, unasukumwa hadi mbele kwa upole, kisha kichwa kinafungwa. Kazi ya nusu dakika. Umbo hili la kuinua kichwa na kudondosha mche lilienezwa Marekani na kampuni ya Swingline ya Jack Linsky, na kabla yake kuzijaza baadhi ya mashine kulitaka bisibisi na nyundo. Ukirudi nyuma zaidi, mashine aliyoitolea hataza George McGill mwaka 1879 ilikuwa ikibeba pini moja tu kwa wakati. Ukibana, unatia nyengine. Sipati picha mitihani ya darasa la watoto tisini ingebanwaje.

Makosa mawili hufanyika katika nusu dakika hiyo. La kwanza ni kurundika. Mche uliopo haujesha, mtu anakandamiza mche mwengine nyuma yake mpaka springi ikalia. Pini zilizobanwa hivyo huinuka mgongo, na ile ya mbele haipati nafasi ya kushuka sawasawa. Ukiona mche wa pili unahitaji kusukumwa kwa nguvu ili kichwa kifunge, vunja kipande chake utoe. La pili ni ubahili wa pini moja moja. Zile zilizomeguka chini ya boksi, mbili tatu hazina gundi, watu huzirudisha mferejini wasije wakapoteza. Pini iliyo peke yake haina kinachoisimamisha. Ikipinda kidogo tu ishafunga njia. Zitupe. Boksi zima la pini elfu moja halifiki bei ya usumbufu wako.

Ile ndogo ya No. 10 inafunguka kama ya mezani, lakini springi yake ina hasira kuliko umbo lake. Ndiyo ninayoiogopea watoto. Mtoto huifungua akaielekeza usoni ili achungulie kama pini zimo, na kisukumio kikimponyoka, pini ya mbele hutoka kama kokoto ya manati. Mfundishe hivi: mdomo wa stepla utazame meza, siku zote, hata ukiwa mtupu, na kisukumio akizuie kwa dole gumba na kukiachia polepole.

Nyengine hazina cha kuinua. Zina kitufe nyuma, ukikibonyeza droo inachomoza kwa mbele au kwa nyuma ikiwa na springi yake. Hizi usizivute kwa nguvu. Weka kiganja mbele ya droo kwa umbali kidogo, bonyeza, iache ije yenyewe. Zile kubwa za 23 nazo nyingi zina fimbo ya kuvuta nyuma: unaisukuma kidogo, unaizungusha au kuishusha, inatoka na springi ndefu kama mjusi. Ukimaliza kutia mche, rudisha fimbo mpaka usikie imenasa. Isiponasa vizuri, bonyezo la kwanza litairusha nje, na kwa kuwa wewe umesimama nyuma ya mkono wa mashine, itakurudia tumboni.

Kabla ya kulaumu pini, kitazame pia kile kibati cha chini chenye vijifereji viwili. Kwenye stepla nyingi za mezani kibati hiki kinazunguka. Upande mmoja unakunja miguu kwa ndani, na huo ndio wa kila siku. Upande wa pili unaitawanya miguu kwa nje, ili pini iweze kuchomolewa kwa wepesi baadaye. Ni wa karatasi zinazongojea saini tu. Nilishaletewa stepla mara kadhaa na malalamiko kwamba “haikunji vizuri”, na mara zote hizo kulikuwa na mtoto nyumbani aliyezungusha kibati akakiacha pale, au kikakaa nusu njia, hakipo huku wala kule. Kikikaa nusu njia mguu unagonga chuma badala ya kijifereji na kupindana.

Za umeme, za mashine ya kopi, na za fundi makochi

Stepla ya umeme haina huruma na kidole, kwa sababu haingojei nguvu ya mkono wako. Nyingi zina kihisio kinachogusa ukingo wa karatasi na kupiga papo hapo, na kihisio hicho hakijui tofauti ya karatasi na ncha ya kidole. Chomoa plagi kwanza ukutani, siyo kuzima swichi tu. Kama ni ya betri, toa betri. Na huku kwetu nitaongeza jambo: umeme ukikatika usidhani hapo ndipo pa kuifungulia bila ya kuchomoa. Umeme ukikatika haujaaga. Unaweza kurudi vidole vyako vikiwa ndani.

Mashine kubwa za kopi zinazobana zenyewe ni ulimwengu mwengine. Pini zake huja ndani ya kasha la plastiki, na nyingi hazijakunjwa bado, ni waya zilizonyooka zilizogandishwa pamoja kama jamvi, mashine ndiyo inayozikunja. Kwa hiyo usihangaike kutia humo mche wa 24/6, haikubaliki kwa namna yoyote. Unafungua mlango wa pembeni, unatafuta mkono wenye rangi ya kijani au buluu (watengenezaji hupaka rangi sehemu ambazo mtumiaji anaruhusiwa kugusa), unachomoa kasha, unatia jipya lenye namba ya mashine hiyohiyo. Ikiwa imekwama, kasha lina kimlango kidogo mbele. Kiinue, utaona waya mmoja au miwili imejipinda, itoe, kishushe. Mara ya kwanza na ya pili baada ya hapo mashine huenda ikapiga bila ya kutoa pini, mpaka waya zisogee mbele. Watu wengi hapo hufungua tena na kuharibu kilichokuwa kizima.

Bastola ya pini ndiyo hasa inayostahili heshima. Nimewahi kukaa Mwanakwerekwe kwa fundi makochi nikingojea viti vyetu, nikamtazama akivuta kitambaa kwa mkono mmoja na kupiga kwa mwengine, tak, tak, tak, pini mdomoni hana, macho kwenye ukingo. Alipotaka kujaza, kitu cha kwanza alichofanya ni kuchomoa mpira wa upepo. Nikamwambia si ungezima tu kompresa? Akaniambia, “Kompresa ukiizima, upepo umo bado ndani ya tangi na ndani ya mpira. Bastola haijui kama umezima.” Ni kweli tupu, na sina cha kuongeza isipokuwa kwamba kidole kisikae kwenye kitriga wakati wa kuunganisha tena mpira.

Bastola ya mkono, ile isiyo na upepo, ina kitanzi cha kufungia mpini usiinuke. Ifunge hivyo kabla ya kujaza. Zinatofautiana mlango: nyengine unachomoa fimbo nyuma na pini zinakaa kama kwenye stepla, miguu chini, nyengine unaigeuza bastola tumbo juu na pini zinawekwa miguu ikitazama mbinguni. Ukitia kinyume hupigi hata moja. Na pini zake si za karatasi. Hizo za mkono mara nyingi ni aina ya 53, upana milimita 11.3, na za upepo za makochi ni za mfululizo wa 80, ambapo tarakimu za mwisho ni mguu: 8010 ni milimita 10, 8016 ni milimita 16. Mguu uchaguliwe kwa unene wa kitambaa na ubao, maana pini ndefu kwenye ubao mwembamba itachungulia upande wa pili, na upande wa pili wa kochi ndipo anapokaa mtu.

Ikishakwama

Usiigonge mezani. Najua inavutia, na mara moja katika kumi inafanya kazi, lakini zile tisa unazidi kuipindisha pini na kuukaba mdomo wa mashine wenyewe.

Anza kwa kuondoa mche wote ulio mferejini, ili springi isiwe na cha kusukuma wakati mikono yako imo kazini. Hapo stepla imekuwa chuma baridi, haina silaha. Kisha itazame kwa mbele, kwenye mwanya wa mdomo, penye mwanga wa kutosha. Mara nyingi utaona ncha ya mguu imetokeza. Ikamate kwa koleo dogo au kibanio cha nyusi, uivute kwenda chini, njia ambayo ingepita yenyewe. Kuivuta kwenda mbele ni kuipindisha tena. Haionekani? Inua kichwa, bonyeza bapa lishuke polepole na uone linapogota. Kwa kusukumia tumia mguu wa pini mpya iliyonyooshwa. Ni chuma cha unene uleule, unapita pale ambapo kisu hakipiti. Kisu hukwaruza mfereji, na mkwaruzo mmoja unatosha kuikwamisha kila siku.

Ukishaitoa, piga mara mbili tatu kwenye karatasi ya kutupa kabla ya kurudi kwenye mitihani. Ikikwama tena palepale na pini ni za namba yake, tazama ncha ya bapa. Ikiwa imeliwa kona au imepinda, stepla hiyo imemaliza umri wake, na nunua nyengine.

Kidole kikichomwa, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, na uulize kituo cha afya kuhusu chanjo ya pepopunda kama huna hakika na yako, hasa pini ikiwa na kutu. Jicho ni jambo jengine kabisa: usisugue, usijaribu kuchomoa kitu, lifunike bila ya kulikandamiza na uende hospitali saa hiyo hiyo.

Na kutu, kwetu, si jambo la kupita. Visiwani hewa ina chumvi na masika ina unyevu unaoingia hata ndani ya kabati lililofungwa. Pini ni chuma kilichopakwa madini ya zinki kwa juu, na kinapokatwa ncha zinabaki wazi. Boksi la karatasi lililokaa wazi tangu kaskazi, likifika masika gundi imelegea na migongo imeanza kubadilika rangi. Mche wa namna hiyo humeguka mkononi, na pini zenye kutu hazitelezi mferejini. Mimi hununua maboksi machache kwa mara moja na kuyatia ndani ya kopo la maziwa lenye kifuniko kinachobana. Kwa karatasi za kukaa miaka, kama hati ya shamba au cheti, sitii pini kabisa. Fungua faili lolote la zamani uone: pini imekwisha, lakini alama yake ya rangi ya udongo imeingia karatasi tano kwenda chini, na pale pale ndipo karatasi inapokatika.

Kilichobaki ni zile pini zilizokwishatumika. Karatasi za mitihani ya mwaka jana hazitupwi huku, zinauzwa kwa kilo na kuishia kufungia bajia na maandazi. Mimi mwenyewe nilishaiona pini imelala juu ya bajia, imenata kwenye mafuta, inang'aa kama chembe ya chumvi, na aliyekuwa anataka kuila ni mtoto wa miaka minne. Na zisizofungia bajia huliwa na mbuzi wa mtaani. Kwa hiyo skuli au afisi inapotoa karatasi zake, zing'olewe kwanza pini, kwa kile kidude cha meno manne kinachouzwa palepale steshenari au kwa bapa la rula, zitiwe ndani ya chupa ya plastiki yenye kifuniko. Maalim wangu siku hizi anayo moja chini ya meza yake, chupa ya maji ya lita moja na nusu. Mara ya mwisho nilipopita ilikuwa imefika nusu, na stepla yake ya 24/6 ilikuwa na kipande cha plasta juu ya kichwa, namba imeandikwa kwa kalamu ya wino mwekundu.